Mstari wa Mwisho wa Orodha ya Kukataa

Kabla ya kukusalimia, Mwalimu alitazama miguu yako. Mlangoni mwa chumba chake cha kompyuta, pale Butembo, palikuwa na gunia lililokunjwa mara mbili, na juu yake kibao cha chaki: VIATU NJE. Haikujalisha wewe ni nani. Siku moja aliingia mkubwa fulani wa ofisi ya serikali, koti na tai, anataka kuchapiwa barua. Mwalimu hakunyanyua kichwa.

“Chef, viatu.”

“Mwalimu, mimi niko na haraka.”

“Vumbi nayo iko na haraka, chef. Inaingia mbele yako.”

Mkubwa akavua. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na sisi sote tukainamia kibodi zetu kama watu wanaosali.

Nilimjua miaka tisa, na nilifika kwake nikiwa na ufagio. Baba alikuwa amekufa, kisha mama akamfuata, nami niliacha shule katikati ya mwaka wa tatu wa sekondari kwa sababu nyuma yangu walikuwa wadogo watatu na hakuna mtu mzima aliyesema, “Hawa ni wangu.” Mwalimu alifundisha hesabu asubuhi katika shule ya serikali, mchana alifungua chumba chake, akiwa na mashine za mtumba alizozifufua mwenyewe. Nilifagia humo. Baada ya miezi kadhaa aligundua kwamba nikipangusa meza ninasoma yaliyo kwenye skrini.

“Unaelewa?” akaniuliza.

“Hapana, Mwalimu.”

“Basi ju ya nini midomo inatikisika?”

Akavuta kiti. Hakunidai chochote, wala hakuniuliza cheti. Akanifundisha kuchapa kwa vidole vyote kumi, akifunika mikono yangu kwa gazeti ili nisichungulie. Nilipokosea alisema neno moja la Kilingala, “Tika,” yaani acha, anza tena. Nililisikia neno hilo mara nyingi kuliko jina langu.

Hakuwa mtu wa kwetu. Serikali ilimleta kutoka mkoa wa mbali, na miaka yote aliyokaa milimani kwetu hakujifunza Kinande. Alijua wasingya, yaani asante, basi, na alilitamka vibaya kwa makusudi, akilivuta mpaka wamama wa sokoni wacheke na kumwongezea viazi vya Masereka. Majina yetu yalimchosha. Kwetu jina linatoka katika zamu ya kuzaliwa: msichana wa kwanza ni Masika, mvulana wa pili ni Kambale, na kila nyumba ina zamu zilezile. Mimi ni Masika. Katika chumba kile tulikuwa Masika watatu.

“Nyinyi, hayo hapana majina,” alisema. “Njo numero. Nikiita Kambale kwa njia, nusu ya muji inageuka.”

Tulicheka. Ninaitaja kwa sababu uchovu wake huo wa majina ulikuja kuwa na kazi, na kazi hiyo ilinigharimu.

*

Alichukia takataka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Simaanishi ganda la ndizi, ingawa hilo pia. Alichukia faili ambazo mashine hujitengenezea yenyewe, bila kuombwa, na kuziacha ndani ya folda za watu. Kila mashine ina zake. Zetu za mtumba zilikuwa zinaacha Thumbs.db mahali palipowekwa picha na desktop.ini mahali pengine, na mtu akileta flash yake, jambo la kwanza Mwalimu aliwasha kuonyesha vilivyofichwa, akaanza kufuta huku akinung’unika.

“Mashine nayo iko na choo yake,” alitufundisha. “Hiyo si mubaya. Mais hapana leta choo kwa salon.”

Mais yake ni lakini, na salon ni sebule. Sebule hiyo ilikuwa depo. Ndivyo alivyoita mahali pa kuwekea programu tulizoziandika, mahali panapotunza kila badiliko. Siku aliyonieleza jambo hilo aliniuliza kama ninajua depo za wafanyabiashara wa mjini. Nani asiyezijua Butembo? Nikamwambia mjomba wangu alilinda moja ya saruji.

“Bon. Mufuko ikiingia, banaandika nani alileta, na siku gani. Yetu iko vile. Mais ya saruji, mufuko ikitoka, imetoka. Yetu, hata ukitoa kitu, kitabu inakumbuka kama iliingia, na mukono ya nani.”

Mlangoni mwa depo kuna mlinzi. Ni faili ndogo ya maandishi, jina lake linaanza na nukta, .gitignore, na ndani yake unaandika mstari kwa mstari vitu visivyoruhusiwa kuingia. Sisi tuliiita orodha ya kukataa. Mwalimu aliijua kwa moyo kama watu wanavyojua Salamu Maria. Kila aliyeanza kazi mpya aliandika kwanza orodha, kisha ndipo kitu kingine chochote. Aliyesahau alifuta kila kitu na kuanza upya, hata kama ni kazi ya wiki.

Kulikuwa na somo moja alilirudia kila mwezi, kwa sababu wanafunzi hukosea palepale kila mara. Faili chafu ikishaingia, mtu hukimbia kuongeza jina lake kwenye orodha, akidhani ameiondoa.

“Mulinzi anakataza wenye banakuya,” alisema, akigonga ubao kwa pete yake. “Mwenye alisha ingia, mulinzi hapana mugusa! Huyo utamutoa na mukono. Na hata ukimutoa, kitabu hapana sahau.”

Na mfuko wake mwenyewe, basi? Mfuko wa mtu huyu uliokuwa ukining’inia begani ulijaa vipande vya chaki, risiti zilizofutika, nusu ya mkate, nyaya zisizo na kichwa. Kibodi yake ilikuwa na madoa ya chai yenye sukari, na sisimizi walikuwa na njia yao kutoka dirishani hadi herufi ya M. Mtu akithubutu kumwonyesha, alisema: “Hiyo si takataka. Hiyo njo maisha.” Aliweza kuona unywele mmoja juu ya meza ya mwingine. Juu ya meza yake mwenyewe hakuona ng’ombe.

*

Nikisema hayo tu nitakuwa sijasema kweli. Kuna siku mdogo wangu Kambale aliwaka homa mpaka akaanza kuongea na mama yetu aliyekufa. Ilikuwa ville morte, siku ya mji mzima kugoma. Maduka yamefungwa, matairi yanaungua njia panda, hakuna pikipiki inayotembea. Nilikimbia kwa Mwalimu kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumkimbilia. Akaja, akambeba mtoto mgongoni kama mwanamke, akamfunga kwa shuka, akapanda naye kilima chote hadi kituo cha afya. Alikuwa mnene, nilisikia pumzi yake ikipiga filimbi. Kwenye kizuizi cha vijana mmoja akamwuliza anakwenda wapi, hajui leo hakuna kazi?

“Mimi niko kazi ya mutoto,” akasema, na hakusimama.

Nilipotaka kumshukuru kesho yake, akakunja uso. “Nilikuwa naenda kule.” Hakuligusa tena jambo lile. Kambale yuko hai. Kila nikitaka kumchukia Mwalimu moja kwa moja, Kambale huyu ananipita mbele ya macho na sufuria ya fufu mkononi, na chuki yangu inabaki nusu.

*

Shirika dogo la wajane wa parokia lilimwomba Mwalimu programu ya kufuatilia familia zilizokimbia vita upande wa Beni na familia zilizozipokea Butembo, ili maharage na blanketi zisipotee njiani. Alikubali bila kusita. Mimi nikawa encodeuse, yaani mwandikaji: nilikaa na wakimbizi, nikauliza, nikachapa, nikampiga kila mmoja picha. Programu iliingia depo. Fiche, yaani fomu zao, na picha zilikaa nje, katika folda tuliyoiita “watu”, kwenye mashine tu.

Hapo ndipo uchovu wake wa majina ulipoingia. “Banaitwa Masika ishirini hapa,” alisema. “Kila faili andika jina, kijiji, na nyumba mwenye analala. Sinon tutachanganya batu.” Nikafanya hivyo. Jina la faili peke yake lilitosha kukupeleka mpaka mlangoni mwa mtu.

Nilimwuliza jambo moja, na ninalikumbuka kwa sababu sikuwa mtu wa kuuliza. “Mwalimu, ju ya nini hatufungi folda ya ‘watu’ yote kwa mulinzi?”

“Tika. Ndani iko mufano moja ya fiche, ile ya uongo, ya .txt. Bengine banapashwa kuiona. Tunafunga mikia.” Mikia ilikuwa zile herufi za mwisho wa jina la faili. Akaandika kwenye orodha: kila inayoishia .jpg isiingie, kila inayoishia .pdf isiingie. Kwa mashine zetu ilitosha kabisa. Thumbs.db ilikuwa imeshakatazwa tangu zamani.

Kisha akaiweka depo wazi mtandaoni, mtu yeyote duniani aweze kuisoma. “Programu inje, batu ndani,” alisema kwa fahari. Alipenda kupata ujumbe kutoka kwa wageni wanaomsifu. Alituonyesha kila mmoja, hata wa mstari mmoja.

Miongoni mwa niliowaandika alikuwa mama mmoja kutoka Eringeti. Hakuwa na nyumba ya kumpokea, basi nikampokea mimi. Nyumba ya yatima wanne nyuma ya kanisa ikawa na mama tena. Jumamosi alimsuka Kavira, mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka saba, na kumfundisha kuchagua maharage kwa kusikiliza: bovu likianguka kwenye sinia lina sauti yake. Alituita wote “mwana wangu”, hata mimi niliyekuwa nimezoea kuitwa Yaya tu, yaani dada mkubwa. Nilipomwandika alicheka kwamba kijiji anakitaja kwa nini, kijiji chenyewe hakipo tena. Nikachapa: jina lake, Eringeti, kwa-yatima-nyuma-ya-kanisa.

*

Mashine ya Mwalimu ilikuja mwisho. Mgeni aliyekuja kutoa mafunzo alimwachia kompyuta ya aina nyingine, nyembamba, yenye alama ya tunda mgongoni. Mwalimu aliibeba ndani ya foronya. Hakuruhusu mtu aiguse. Jumapili, sisi tukiwa misani, alikaa nayo nyumbani kwake na kufanya kazi za shirika, akifungua folda, akipanga picha za watu kwa mistari mizuri.

Mashine za aina hiyo nazo zina choo chao. Ukifungua folda na kupanga vilivyomo, inaandika kimya kimya faili iitwayo .DS_Store, na humo inaweka majina ya faili na mahali zilipokaa. Haina mkia wa .jpg wala .pdf. Jina linaanza na nukta, na mashine ile haimwonyeshi mwenyewe. Kwenye mashine zetu za mtumba tungeiona mara moja. Mwenye mashine ndiye asiyeiona.

Wakati ule mimi sikujua hata neno moja la hayo. Yeye alijua. Alijua vizuri, maana alikuwa anafuta faili hizohizo kwenye flash za wageni. Lakini orodha aliiandikia mashine zetu, na hakufikiri kwamba yeye mwenyewe anaweza kuchafua.

Barua ilitoka ng’ambo, kwa kijana mmoja asiyetujua, kwa Kifaransa cha adabu. Alilisalimu shirika, akasema amesoma depo yetu, na ndani yake kuna faili ndogo ya mashine, .DS_Store, ambayo, ukiifungua, inataja majina ya watu, vijiji vyao na nyumba wanazolala. Alidhani tungependa kujua.

Tuliitwa katika chumba cha parokia. Mama présidente wa shirika alikuwa ameshika barua kwa ncha za vidole.

“Mwalimu, majina ya batu yetu iko inje?”

“Ni faili ya takataka, mama. Mashine inaifanya yenyewe.”

“Mimi hapana uliza mashine. Minauliza nani aliingiza.”

Mwalimu akavua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa, akaivua tena. “Mwenye anaingizaka kazi kila siku,” akasema, “ni encodeuse.”

Vichwa vyote vikageuka.

“Masika, ni weye?”

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa anatazama miguu yangu. Na mimi, ambaye nilijua kwamba mtu huyu haachi uchafu, mtu aliyefuta kazi ya wiki kwa sababu ya faili moja, nilipata wapi sababu ya kumdhania yeye? Nilijidhania mimi. Nikasimama.

“Kama ni takataka, basi ni mimi nilisahau. Munisamehe.”

Niliomba msamaha vizuri. Hata nililia.

Mama wa Eringeti alipata habari jioni ileile. Chumba cha parokia hakina siri. Asubuhi nilimkuta anakunja blanketi.

“Mwana wangu, uliandika na nyumba?”

“Ndiyo, Mama. Mwalimu alisema...”

“Hapana Mwalimu. Ni weye minauliza.”

“Niliandika.”

Akafunga blanketi kwa kamba ya mgomba. “Kwetu, siku ile ya vita, walikuya banaita batu majina. Mulango kwa mulango.” Hakupandisha sauti. “Mimi nilikuambia jina yangu ju nilikuona mutoto wa kanisa.”

Akaondoka kwa miguu kuelekea upande wa Manguredjipa, alikokuwa na shemeji kwenye machimbo. Kavira alimfuata mpaka kona ya mashine ya kusagia, amenishika mkono kwa nguvu, nywele zake zimesukwa upande mmoja, maana ilikuwa Jumamosi na walikuwa wameanza. Familia nyingine nazo zilihama wiki ile, kila moja kimya. Sikusikia kama kuna aliyedhurika. Sikusikia pia kama hakuna. Habari za mama yule hazikurudi kamwe.

Mwalimu hakunifukuza. Jumatatu nilipofika nilikuta ufagio umeegemezwa kwenye kiti changu. Nilifagia siku ile mpaka kwenye kona, nikauweka ufagio mahali pake, nikavaa viatu, sikurudi.

*

Mwaka uliofuata serikali ilimhamishia Beni. Mimi nilipata kazi ya fotokopi na kuchapa karibu na soko, na kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha wadogo zangu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimfukuza mama yule kwa vidole vyangu. Kavira alipokuwa mdogo aliniuliza mara moja tu: “Yaya, ulimuandika ya nini?” Hakuniuliza tena, na ningependa angeniuliza.

Siku moja mteja alileta flash, nikaona ndani yake jina lile: .DS_Store. Nikamwuliza ameitoa wapi.

“Ah, hiyo? Mashine ya tunda tu ndiyo inafanya. Futa, haina kazi.”

“Mashine kama hii yetu haiwezi?”

“Haiwezi, dada. Hata ukiiomba.”

Mimi sikuwahi kugusa mashine ya tunda. Ilikuwa moja tu, na ilikaa ndani ya foronya.

Nilikuwa bado na nakala ya depo kwenye flash yangu ya zamani. Niliomba kijana wa jirani anayesomea mambo hayo anionyeshe amri ya kufungua kitabu. Kikafunguka kama Mwalimu alivyotufundisha: faili, siku, mkono. Siku ilikuwa Jumapili. Mkono ulikuwa wake, jina lake lote na barua-pepe yake. Na katika nafasi ya kueleza kazi iliyofanywa, alikuwa ameandika: “Kusafisha.”

Nilichapa ukurasa ule. Niliukunja, nikauweka kwenye kitabu cha sala. Sikumpelekea mtu. Kwa nani? Mama présidente alikuwa amezeeka na kusahau, na yule niliyetaka asome hakuwa na anwani.

Ningeuacha humo, kama Kavira asingekwenda Beni kusoma. Alirudi likizo na makaratasi ya somo la informatique, akayaweka mezani, akaniuliza akiwa anacheka:

“Yaya, huyu encodeuse ni nani? Mwalimu wetu anamusemaka kila mwaka.”

Ilikuwa orodha ya kukataa. Niliitambua mstari kwa mstari, kwa mpangilio uleule. Lakini mwisho ulikuwa umeongezwa mstari mmoja, .DS_Store, na juu yake, baada ya alama ile inayomwambia mlinzi asisome, maneno ya kuwasaidia wanafunzi wakumbuke: “Hii iliingizwa na encodeuse mumoja wa Butembo. Batu walihama. Musifanye kama yeye.”

“Simujui,” nikamwambia Kavira. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumdanganya.

*

Nilikwenda Beni wiki shule zilipofunguliwa, na karatasi yangu ndani ya mkoba. Darasa lake lilikuwa na madirisha bila vioo na gunia mlangoni, limekunjwa mara mbili. Mwalimu alikaa mbele, amepungua, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Aligeuzia sikio mlangoni.

“Nani anaingia na viatu?”

“Masika wa Butembo, Mwalimu.”

“Mukubwa wa Kambale?” akasema. “Ule mutoto anaendelea?”

Hakuniuliza lingine, aliniuliza hilo. Karibu nigeuke nirudi.

“Anaendelea. Ameoa.”

“Voilà.” Akatabasamu upande wa ubao, ambako hapakuwa na mtu. “Bana, mwangalie huyu. Huyu njo mwanafunzi wangu wa kwanza, alichapa na vidole kumi. Masika, macho yangu imekwisha. Shika chaki, uwaandikie ba mwaka wa kwanza orodha. Mimi nitasema.”

Nikashika chaki. Kavira alikuwa benchi la tatu, pamoja na wa mwaka wa pili, macho yamemtoka kwa kuniona. Mwalimu akaanza kuimba orodha yake bila kukosea nukta. Thumbs.db. Desktop.ini. Niliandika. Wanafunzi waliandika. Akafika mwisho, sauti ikawa ya hadithi:

“Sasa andika: hii iliingizwa na encodeuse mumoja wa...”

“Mwalimu.”

“Mm?”

“Mashine yangu haikuwa ya tunda.”

Chaki ilivunjika vidoleni mwangu, kipande kikaanguka. Nikasikia kalamu zikisimama moja moja.

“Mashine yangu haiwezi kuifanya hiyo faili,” nikasema. “Hata ukiiomba. Unajua. Na kitabu hapana sahau, ni weye ulinifundisha. Iko Jumapili. Iko mukono.” Nikatoa karatasi, nikaiweka chini ya mkono wake. “Imeandikwa hapa.”

Alipapasa karatasi kwa vidole, mkunjo, pembe, mkunjo. Angeweza kusema, “Kavira, nisomee.” Angeweza kumwita yeyote kati ya vijana arobaini wenye macho. Aliikunja tena palepale ilipokunjwa, akaitia katika mfuko wake wa begani, pamoja na chaki na nusu ya mkate.

“Macho yangu, mwana,” alisema taratibu. “Hapana ona tena.”

Nilingoja. Miaka yote ile nilidhani nikingoja vya kutosha kitu kitatoka. Alipangusa kinywa kwa leso.

“Ruka maneno ile,” akasema mwishowe. “Andika paka jina ya faili, jina tu.”

Kutoka benchi la tatu, kijana wa mwaka wa pili akanyoosha mkono. “Mwalimu, mais sisi tulisha andika. Na bale ba mbele yetu nao.”

Niliandika .DS_Store kwa kipande cha chaki kilichobaki, nikaweka kipande hicho mezani, nikatoka.

Kavira alinikimbilia mpaka barabarani, pekupeku, viatu vyake vimebaki mlangoni. Alikuwa anahema.

“Yaya. Encodeuse ilikuwa weye.”

“Ndiyo.”

“Na haikuwa weye.”

“Haikuwa mimi.”

Alinishika mkono kwa nguvu kama alivyofanya kwenye kona ya mashine ya kusagia, lakini sasa ni mrefu kunizidi. Pikipiki mbili zilipita, vumbi likatufunika. Lilipopungua nikaona kwamba analia.

“Na Mama?” akasema. “Mama nani atamwambia?”

Nilimpangusa uso kwa ncha ya kitenge changu, shavu moja kisha la pili. Kengele ya shule ikalia. Hakukuwa na mwingine Beni yote aliyefundisha somo lile, na mtihani wa Kavira ulikuwa mwezi uliofuata.

“Rudi darasani,” nikamwambia. “Na upanguse miguu pale guniani.”